Siku nne Kilwa Kivinje: nani aliwaua wale wawili?

Nimeyaandika haya baada ya kurudi nyumbani Morogoro, daftari likiwa limemwagikiwa chai kurasa mbili na simu ikiwa na picha 214, nyingi za mbuzi. Anayetaka safari ya magofu na fukwe ataipata kwa wengine, zimejaa. Mimi na binamu yangu tulikwenda Kivinje kwa ajili ya mauaji.

Tangu darasa la sita nasoma riwaya za upelelezi. Nilikuwa naziazima kwa kaka, naanza na kurasa mbili za mwisho nimjue muuaji, ndipo narudi mwanzo kwa raha zangu. Mwaka jana mwalimu mwenzangu mwenye kwao Lindi akanichokoza: kuna mji mdogo wa pwani, umesimamishwa nguzo ya mawe yenye majina ya Wajerumani wawili waliouawa Septemba 1888, "na muuaji hadi leo hujamsikia". Alikuwa anatania. Mimi usiku huo sikulala.

Jalada lenyewe, kwa ufupi, ni hili. Aprili 1888 Sultani Khalifa bin Said wa Zanzibar alitia saini mkataba wa kuikodisha pwani kwa Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki kwa miaka 50. Katikati ya Agosti kampuni ikaanza kazi: bendera yake juu, forodha mkononi mwake, kodi mpya. Haukupita mwezi Pangani ikachafuka, Bushiri bin Salim akiwa mbele, na Wajerumani wakapewa siku mbili wawe wameondoka pwani. Kilwa Kivinje walikuwapo watu wawili wa kampuni, Krieger na Hessel. Hawakuondoka. Basi hao ndio marehemu wetu.

Ijumaa, 15 Agosti. Mbagala hadi Kivinje

Tulilala Dar kwa shangazi ili tuwahi. Saa kumi na moja na nusu alfajiri tuko Mbagala Rangi Tatu, tiketi 22,000 kila mmoja, na mpiga debe anaapa kwa mama yake kwamba gari linaondoka saa kumi na mbili kamili. Liliondoka saa mbili kasorobo. Binamu alikuwa ameshamaliza viazi vyote vya safari.

Mkuranga ilipita nikisinzia. Kibiti niliamka kwa sababu ya ukimya. Wanaokumbuka mwaka 2016 na 2017 wanajua kwa nini: viongozi wa vijiji walikuwa wanapigwa risasi usiku milangoni mwao, na Aprili 2017 askari polisi wanane waliuawa kwa mkupuo mmoja. Leo ni mji wenye shughuli zake, maembe, bodaboda, muziki. Nilimgeukia mama aliyekaa dirishani nikamuuliza kama alikuwa anaishi huku wakati ule. Akafunga vizuri mtandio wake, akasema, "Mwanangu, kula chungwa." Akanimenyea. Nikaandika kwenye daftari: shahidi wa kwanza, kakataa kutoa maelezo, kanipa chungwa.

Daraja la Mkapa pale Rufiji bado linanifurahisha kila nikipita, karibu kilomita nzima juu ya maji na mchanga. Lilifunguliwa 2003. Kabla ya hapo ilikuwa kivuko, na konda wetu, mtu mzima, alisimulia walivyolala siku tatu ng'ambo wakisubiri pantoni itengenezwe huku mwenzao mmoja akiuza kuku wake mmoja mmoja mpaka akabaki na tenga tupu.

Mbele ya Nyamwage rejeta ikaanza kuchemka. Tulikaa juani kwa saa mbili na nusu. Hapo ndipo niwataje watu wa nyumba ile ya udongo upande wa kushoto, ambao majina yao sikuuliza kwa aibu ya kukaa kwao muda mrefu hivyo: walitoa mkeka, ndoo ya maji ya kisima, kisha sufuria la mihogo ya kuchemsha na chumvi ya mawe. Abiria karibu 20 tulikula. Binamu alipotaka kulipa, baba wa nyumba akasema hela apewe fundi, atengeneze gari vizuri.

Somanga tukafika njaa imerudi. Usipite Somanga bila samaki. Vijana huleta mabeseni hadi dirishani, ila shuka ukachague mwenyewe, aliyekaangwa leo ngozi yake inavunjika ukiigusa, wa jana inapinda. Changu mzima wa kiganja na nusu alikuwa 5,000, nikamkata hadi 4,000, pilipili ya kuponda bure. Barabara ya sehemu hii imeteswa sana na maji, kuanzia kimbunga Hidaya cha Mei 2024, na tulipita michepuko ya vumbi pembeni ya madaraja yanayojengwa. Kwa atakayefuata: masika usipange kurudi kwa tarehe maalumu. Weka siku mbili za ziada na hela ya siku hizo.

Nangurukuru tulishuka jua linazama. Bajaji ya kushirikiana hadi Kivinje, 2,000 kila kichwa, mizigo magotini. Gesti tuliyoshukia siitaji. Chumba 25,000, feni ipo, neti ipo, maji yaliahidiwa yanakuja tangu tulipofika mpaka tunaondoka.

Jumamosi, 16 Agosti. Nguzo

Asubuhi Kivinje inanuka dagaa, moshi wa kuni na tope la mikoko. Maji yalikuwa yamekupwa, na yakikupwa huku yanakwenda mbali kweli, majahazi yanabaki yamelalia ubavu kama ng'ombe waliochoka. Nyumba za zamani bado zipo: roshani za mbao, milango ya nakshi iliyobaki bila ukuta nyuma yake, boma la Wajerumani linatazama bahari huku miti ikiota madirishani. Huu mji katikati ya karne ya 19 ulikuwa tajiri kupindukia. Pembe, sandarusi, na zaidi ya yote watumwa walioteremshwa na misafara kutoka upande wa Ziwa Nyasa. Sasa ni mji wa wavuvi, na saa tatu asubuhi unaweza kusikia mtu akikuna nazi nyumba ya tatu.

Nguzo tulionyeshwa na mtoto wa miaka tisa hivi aliyetaka 500 "ya kuonyesha Wazungu". Nilitegemea kitu kikubwa. Ni nguzo ya mawe, imeingia kutu ya ukungu, na siku hiyo kamba ya kuanikia nguo ilikuwa imefungwa hapo karibu, kanga mbili zikipepea. Nilipitisha kidole kwenye maandishi. Krieger, lipo. Hessel, lipo. Mtoto akasema, "Walikufa." Nikamwambia ndiyo, nani aliwaua? Akajibu papo hapo bila kupepesa: "Babu."

Tulicheka, lakini hapo ndipo upelelezi wangu ulipoharibika. Katika riwaya, mpelelezi anazunguka mji na kila mtu anakana. Huyu alikuwa shambani, yule alikuwa mgonjwa, mwingine hata hamjui marehemu. Kivinje nilizunguka siku nzima na kila mtu anakiri.

Fundi wa mashua, akiwa anagongomea pamba kwenye nyufa za ubao, alisema ni wavuvi, kwa sababu wavuvi ndio waliokuwa wa kwanza kuona ile bendera. Muuza duka, ambaye asili yake ni Hadhramaut kule Yemen, alisema ni wenye mali wa mjini, maana forodha ilipochukuliwa waliokatwa mkono ni wao, na mwenye kukatwa mkono ndiye anayeshika panga kwa mkono wa pili. Mama ntilie aliyetupa wali wa nazi na pweza (sahani 4,000, na pweza alikuwa laini hadi nikauliza siri yake, akasema ni kumpiga, basi, hakuna siri) aliwakatalia wote: mjini hapa watu walikuwa wanabishana tu, walioua ni Wayao walioshuka kutoka bara na bunduki zao. "Sisi Wamatumbi tulikuja baadaye kwenye Maji Maji," akasema, kama mtu anayetaja zamu.

Dereva wa bodaboda alikuwa na nadharia yake. "Walijiua wenyewe kwa ubishi. Unapewa siku mbili, wenzako wa Lindi na Mikindani wanakimbia, wewe unabaki unalinda nini? Daftari la forodha?"

Jioni nilichora jedwali: jina, sababu, nafasi, silaha. Sababu wote wanayo. Nafasi wote wanayo, mji wenyewe unauzunguka kwa mguu kabla chai haijapoa. Binamu akalitazama lile jedwali, akasema limefanana na orodha ya michango ya harusi.

Jumapili, 17 Agosti. Kisiwani asubuhi, mwembe alasiri

Kwenda Kilwa Kisiwani, mji wa kale wa magofu, unapitia mji wa Kilwa Masoko, kama kilomita 25 kutoka Kivinje. Kibali unakata Masoko kabla ya kupanda mashua, usiende moja kwa moja ufukweni na kijana anayekwambia "tutamalizana kulekule". Mashua ya tanga, ya pamoja na wanakijiji, ndiyo ya bei nafuu na ndiyo yenye stori. Msikiti Mkuu na Husuni Kubwa vimeandikwa na wengi, na ni vizuri kuliko picha zake.

Nitasema moja tu kwa vile linahusu fani yangu. Huko nako kuna mauaji. Julai 1505 Wareno walipouvamia mji, mtawala wake, Emir Ibrahim, alikimbia, na Almeida, mkuu wa hao Wareno, akamtawaza mfanyabiashara aliyeitwa Muhammad. Hakudumu, ndugu za Ibrahim walipanga njama akauawa. Tulisimama Gereza, ile ngome ya ufukweni, nikamweleza binamu kwamba hapa angalau aliyetuma muuaji anajulikana. Akasema, "Anajulikana kwa sababu alikuwa mkubwa. Wadogo nani aliwaandika?" Sikumjibu, nilikuwa nimekanyaga mwiba wa mkunazi.

Alasiri tumerudi Kivinje, na mimi bado nina hamu ya kuuona Mwembe Kinyonga. Nikiri ujinga wangu: tangu tulipofika nilisikia jina hilo, hata hospitali ya wilaya inaitwa Kinyonga, nikadhani ni mwembe uliokuwa na vinyonga wengi. Nilikuwa nimepanga kupiga picha ya kinyonga. Bodaboda ndiye aliyenirekebisha, taratibu, kama unavyomrekebisha mgeni aliyevaa kanzu nyuma mbele. "Kunyonga, mwalimu. Pale ndipo walipokuwa wananyonga watu." Mwembe wenyewe haupo tena, pana mnara. Hapa Kivinje ndipo Hassan bin Omari Makunganya, aliyewasumbua Wajerumani kwa miaka kadhaa huko nyuma ya Kilwa, alinyongwa Novemba 1895 pamoja na wenzake. Miaka kumi baadaye vita vya Maji Maji vikaleta wengine.

Nilisoma majina nikanyamaza. Hessel na Krieger wana nguzo yao mjini. Jedwali langu lilianza kunichoma mfukoni.

Jirani na gesti palikuwa na baraza la bao, na mzee mmoja tulimkuta pale kila jioni. Tukamwamkia, "Shikamoo mzee," akaitikia marahaba bila kuinua macho, akasogea tupate kukaa. Kahawa 100 kikombe, kashata 200. Nilisubiri mpaka amalize namua, ile sehemu ya kwanza ya mchezo, ndipo nikamwaga yote: nguzo, mvuvi, wenye mali, Wayao, jedwali.

Akacheka hadi kete zikamponyoka. Mpinzani wake akadai mchezo urudiwe.

"Wewe mwalimu, umewauliza lini?"

"Jana, mzee."

"Ungewauliza Mei 1890." Akaanza kupanda kete upya, moja moja. "Wissmann, kamanda wa Wajerumani, kaja na manowari, kateremsha askari wake wa Kisudani hapo ufukweni. Anauliza kama wewe: nani kawaua vijana wa kampuni? Hapo ungepata babu wa mtu? Mji mzima ulikuwa shamba siku ile. Mji mzima ulikuwa unachimba mihogo." Kete yake ya mwisho ikaangukia shimo tupu, ikalala. "Hao mababu waliowaua Wajerumani wameanza kurudi mjini baada ya Uhuru, mmoja mmoja. Mimi mwenyewe ninaye mmoja. Simwamini sana."

Nikamuuliza basi yeye anaamini nini. Akasema hakuna siri. Siri ni ya mtu aliyeua gizani. Hawa waliuawa mchana, na mji uliwaambia siku mbili kabla. Mimi natafuta mtu wa gizani kwa sababu nimezoea vitabu vya namna hiyo.

Binamu, ambaye safari nzima alikuwa amekuja kwa ajili ya pweza, ndiye aliyeuliza swali ambalo sikuliweka kwenye jedwali. "Na watumwa, mzee? Wao walikuwa upande gani siku ile?"

Mzee hakucheza zamu yake. Mpinzani alimkumbusha, akampungia mkono asubiri. Akasema bibi wa bibi yake aliletwa Kivinje na msafara kutoka Nyasa, akiwa msichana, na aliishi mpaka akawa mtu mzima sana. "Huyo hakutuachia kisa cha Mjerumani hata kimoja. Wala cha Bushiri. Alituachia namna ya kupika majani ya kunde na karanga, kwa namna ya kwao, hadi leo nyumbani kwangu yanapikwa hivyo." Akanyamaza tena. "Wale wenye mali walipigania forodha yao. Sisemi walikosea kumfukuza Mjerumani. Nasema yeye hakuwa na kitu forodhani. Alikuwa ndani ya magunia."

Kisha akacheza, akala kete tisa kwa mkupuo, na hakutaka tena mazungumzo ya Wajerumani. Tuliondoka saa nne usiku. Nilipofika gesti maji bado hayajaja, na nikamkuta mhudumu ametujazia ndoo mbili kutoka kisimani kwao kwa hiari yake. Hela alikataa, akapokea kalamu.

Jumatatu, 18 Agosti. Nazi

Gari la kurudi tuliambiwa linapita Nangurukuru saa tatu. Ushauri: kama huna tiketi, tangulia saa moja kabla, magari ya Mtwara na Lindi yanafika yamejaa na utasimama hadi Kibiti kama sisi.

Kila asubuhi tulikuwa tunanunua vitumbua kwa bibi mmoja kwenye kona ya barabara ya sokoni. Vitano 1,000, vya iliki, vinatoka kwenye chuma vikilia. Siku mbili zote bibi huyu alitusikiliza tukibishana juu ya Krieger na Hessel mbele ya jiko lake, asiseme neno zaidi ya "vingapi". Siku ya kuondoka alifungia vitumbua gazetini, akafuta mikono, akasema, "Hao wenu walikuwa wakikaa humu." Akaonyesha kwa kidevu nyumba iliyokuwa nyuma yake.

Nilihisi moyo unaruka. Siku tatu nzima nimepita hapo.

"Humu, bibi? Una hakika?"

"Chumba cha nyuma. Kuangalia ni 2,000. Kila mmoja."

Binamu akanitazama. Nikatoa 4,000. Bibi akafungua mlango wa nakshi uliopungua nusu, tukapita ukumbi wenye baiskeli mbili na jiko la mkaa, tukafika chumba cha ukuta mnene wa mawe na chokaa, dirisha moja dogo lenye nondo, na ndani yake nazi, kuanzia sakafuni hadi kifuani kwangu. Tulisimama hapo kama watu walioingia msibani wasiomjua marehemu. Nikauliza alijuaje kwamba ni hapa. Akasema aliambiwa na mama mkwe. Mama mkwe aliambiwa na nani? "Na waliokuja kuangalia."

Nje bajaji inapiga honi. Bibi akaniongezea kitumbua kimoja juu ya vile vitano, cha safari. Picha ya 214 ndiyo hiyo: nazi, dirisha, na kona ya kidole cha binamu.